Kila Mfalme Aliogopa Paka

Jumapili, 9 Februari 2025. Ibra.

Habari kubwa! Mzee Aflah anaacha usimamizi wa sabla. Katangaza leo baada ya sala ya alasiri, akiwa kakaa palepale alipokaa miaka ishirini na mbili, kwenye mto wa mbele. Kasema magoti yamekwisha kazi. Kasema mtaa upate msimamizi mpya kabla ya Ramadhani. Kura ni Ijumaa ya tarehe 21. Nyumba kumi na tano, kila nyumba mkono mmoja.

Nilitaka kukimbia nyumbani kuandika haya, lakini Mzee alikuwa bado anakunywa kahawa. Kwetu hainuki mtu mpaka mkubwa wa kikao atikise kijikombe chake kuonyesha ametosheka. Na Mzee hatosheki upesi. Nimekaa juu ya habari yangu nusu saa nzima.

Niseme wazi: kiti kile nakitaka. Nakitaka sana. Sabla ni ukumbi wa mtaa wetu; harusi, matanga, Idi, futari, yote humo. Msimamizi hukaa mbele, hupokea wageni, huuliza habari kwa niaba ya watu wote. Marehemu baba yangu, tangu tulipofika hapa kutoka Unguja mwaka 1972, alikaa mlangoni kwenye viatu. Miaka thelathini! Sijapata kumwona akisogea mbele hata siku moja. Jambo hili linaniuma mpaka leo. Mama yangu, Bi Wadha, ana miaka themanini na sita. Nataka asikie kwa masikio yake mwenyewe kwamba Zakariya wake kakaa mbele. Sina haja nyingine duniani.

Sifa zangu: miaka thelathini na nne baladiya, yaani manispaa, idara ya leseni za maduka. Najua kupanga foleni. Sauti ninayo. Dishidasha, kanzu zetu za hapa, ninazo nane, zote zimepigwa pasi.

Vizuizi: viwili. Cha kwanza ni bin ami yangu Marhoun, naye anakitaka kiti. Mtu wa kucheka na kila mtu, hana hata dishidasha moja isiyo na doa. Cha pili kina miguu minne.

Sipendi kuliandika hili. Lakini nisipoiambia shajara yangu, nitamwambia nani? Naogopa paka. Sisemi siwapendi. Nawaogopa! Nikimwona mmoja natimka. Anajua mke wangu Kaltham, anajua Mama, basi. Na sabla yetu ina paka: dume la manjano, kichwa kikubwa, sikio moja nusu. Mtaa mzima unamwita Mudir, yaani mkurugenzi, kwa sababu huja kachelewa, hulala pahala pazuri kuliko wote, na huondoka sahani zikianza kuoshwa. Pahala penyewe ni mto wa mbele, ubavuni mwa Mzee Aflah. Na nani anayemlisha vichwa vya samaki kila siku? Marhoun.

Jumatatu, 10 Februari

Mpango wa kwanza. Nimesoma kwamba paka hawaiwezi harufu ya ndimu. Nimekwenda sabla asubuhi peke yangu, nimepanga maganda ya ndimu thelathini chini ya mto wa mbele. Kazi safi. Nilipoinua kichwa nikamwona Mudir juu ya kabati la vikombe, ananitazama. Tangu lini yuko pale? Nimerudi nyumbani miguu mitupu. Viatu nimevifuata adhuhuri.

Alasiri Mzee Aflah kakaa, kanusa, kauliza nani kamwekea achari. Wakaanza kutoa maganda, moja moja, mbele ya watu wote. Nikatazama dari. Marhoun kasema labda kuna mtu kaweka dawa ya magoti. Mzee kajaribu kukunja goti, kasema kweli, nafuu ipo, maganda yarudishwe. Mudir kaja, kanusa, kalala juu ya maganda mpaka magharibi.

Nina wasiwasi mpya. Magoti yakipona, Mzee haondoki.

Jumanne, 11 Februari

Magoti hayajapona. Alhamdulillahi. Naomba Mola anisamehe kwa kushukuru.

Mpango wa pili. Turki, kaka yake Kaltham, ana pikapu ya kuchukulia majani ya mbuzi. Shemeji huyu haogopi kitu na haulizi maswali, kwa hivyo ananifaa. Nimemwomba amhamishe Mudir. Si kumdhuru! Naandika wazi: si kumdhuru. Ampeleke Sur, mtaa wa Aija, kwenye mashua za uvuvi, akastarehe uzeeni. Paka gani atakataa Aija? Ningekuwa paka ningekwenda kwa miguu yangu.

Turki kamtia kwenye kapu la tende, wameondoka saa tatu asubuhi. Mimi nilikuwa dirishani nyumbani, pazia limefungwa. Saa nane kanipigia simu kwamba kamshusha darajani Aija, naye kaifuata harufu ya samaki bila kuaga. Nimekula wali sahani mbili.

Jumatano, 12 Februari

Siku tamu! Nimeingia sabla kwa mguu wa kulia, polepole, mikono nyuma. Mzee Aflah kenda kwa daktari. Nimeukalia mto wa mbele, kuujaribu tu. Laini! Ukikaa pale unaona msikiti, njia yote na nani kapunguza mwendo mlangoni kwa nani. Nimewauliza watu habari zao kwa sauti nzito. Wawili wamejibu.

Marhoun kazunguka mtaa mzima akigonga sufuria kwa kijiko, akiita Mudir, Mudir. Macho mekundu. Nimempa pole. Baada ya magharibi nimempa pole tena, maana ile ya kwanza niliitoa nikitabasamu.

Nilipomsimulia Kaltham jinsi nilivyokaa mbele kasema paka akiondoka panya hutawala. Nimecheka sana. Nimefika kitandani ndipo nikaanza kujiuliza panya ni nani.

Alhamisi, 13 Februari

Balaa! Marhoun kampata! Binti yake kaolewa Sur, na si Sur popote, Aija! Nilikula pilau ya harusi ile mimi mwenyewe, nimesahau vipi? Jana usiku kenda kumwona mjukuu, kavuka daraja, kamkuta Mudir juu ya ukuta, keshanenepa. Kamrejesha asubuhi kwenye kiti cha mbele cha gari, kiyoyozi kinapuliza, mkanda kafungwa. Mtaa umewapokea kwa vigelegele.

Sasa watu wanasema mtu anayemfuata paka mpaka Sur hatashindwa kuyafuata maslahi ya mtaa. Ni hoja nzuri. Inaniudhi kwamba ni nzuri. Turki kasema nisihuzunike, anaweza kumpeleka tena, njia keshaijua.

Nilikaa na simu kwa hasira. Nikaandika swali: je, mtu mkubwa anaweza kuogopa paka? Subhanallah! Majibu yakamiminika. Iskandar Mkuu aliogopa paka! Kaisari wa Roma aliogopa paka! Jengis Khan, aliyeikanyaga nusu ya dunia, aliogopa paka! Napoleoni walimkuta hemani akitokwa jasho, anachoma mapazia kwa upanga, na nyuma ya pazia kuna nini? Paka! Kumbe miaka yote hii nadhani mimi mgonjwa, kumbe mimi mtawala. Nimekwenda kujitazama kwenye kioo cha varanda. Pua inafanana.

Nimempigia Jumana, binti wa ndugu yangu, anasomesha tarehe, yaani historia, huko Nizwa. Nilitegemea atafurahi. Kaniuliza nani kaandika, lini, na alikuwapo? Nimemwambia imeandikwa pahala kumi na moja. Kasema pahala kumi na moja panaponakiliana ni pahala pamoja. Walimu bwana! Wakiona mtu kajifunza kitu bila wao wanaumwa.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya wagombea kusema na watu. Marhoun kaanza. Kasimama na Mudir kifuani, kasema, mnanijua, kakaa. Makofi. Hiyo ni hotuba? Mimi nilikuwa na kurasa nne.

Nimefika ukurasa wa pili, kwenye mpango wangu wa rafu za viatu, Mudir akajinyoosha, akashuka, akaja moja kwa moja kwangu. Kwa nini mimi? Watu thelathini mle ndani! Niandike kama ilivyokuwa: niliruka. Niliruka nyuma ya dele la kahawa, karatasi zikaenda juu, na mkono mmoja ukamshika kichwa yule anayemimina kahawa.

Kisha kicheko, na kilichoanza ni cha Marhoun. Nikayaona maisha yangu yote yakielekea mlangoni kwenye viatu. Hapo ulimi ukafunguka wenyewe. Nikasema, kutoka nyuma ya dele, mnacheka? Iskandar aliogopa paka! Nikawapa wote, mmoja baada ya mmoja, Kaisari, Jengis, Napoleoni na mapazia yake. Nikawaeleza na sababu, ambayo nilikuwa naitunga huku naisema. Mtawala kazoea kila kiumbe kimwinukie. Paka hainuki. Humtazama sultani kama anavyomtazama muuza ndizi. Ndiyo maana wakubwa humwogopa na wadogo humpapasa. Nikamwangalia Marhoun.

Imamu kasema paka ni tahiri, si najisi. Nimesema tahiri ndiyo, mtiifu siye. Mzee Aflah kaniuliza haya nimeyasoma wapi. Nimesema kwenye tarehe. Katikisa kichwa polepole, kasema elimu ni bahari. Watu wakaitikia kwa kichwa! Sikuamini. Nimerudi nyumbani sikanyagi chini.

Nimemsimulia Mama. Kacheka mpaka Kaltham kamletea maji. Nimeuliza kuna nini. Kasema, hapana kitu mwanangu, nacheka tu. Uzee huo.

Jumapili, 16 Februari

Mtaa umeharibika. Sasa kila mtu anaogopa paka! Kinyozi kasimamisha wembe katikati ya shavu langu kwa sababu kaona mkia dirishani. Jirani aliyekuwa benki kasema yeye hawezi kutazama hata picha ya chui. Mwuza samaki, mwuza samaki! kasema huwa anafunga duka kwa hofu. Mtu akipita barabarani na paka akatokea, wanaume watatu wanarukia ukutani, kisha wanatazamana nani karuka zaidi.

Lakini Marhoun ndiye kanimaliza. Nimemwona kwa macho yangu akivuka njia kumkwepa mtoto wa paka wa kutosha kiganjani. Mtu aliyemfunga paka mkanda wa gari Alhamisi! Nimemfuata, nimemwambia bin ami, wewe mwongo. Kashika moyo. Kasema yeye kamwogopa Mudir tangu siku ya kwanza, na vile vichwa vya samaki ilikuwa kodi, kama nchi ndogo inavyolipa nchi kubwa isivamiwe.

Kodi! Kwa nini sikulifikiria mimi?

Nimehesabu nyumba. Saba zangu, saba zake. Ya kumi na tano ni ya Mzee Aflah.

Jumanne, 18 Februari

Hakuna njia ila kuogopa kuliko yeye. Mimi nina hofu halali, ya miaka hamsini, lakini ya Marhoun ina maonyesho. Nimejifungia chooni kufanya mazoezi ya ukelele. Nina aina tatu: mfupi, mrefu, na ule unaopanda. Katikati ya ule unaopanda Kaltham kavunja komeo kwa mpini wa fagio akidhani nimeanguka. Nimemweleza. Kaniita kwa jina la mwanetu: Baba Samah, watu wa rika lako wanatafuta miwani, wewe unatafuta ukelele. Kisha kasema ule mfupi ndio mzuri, huo mwingine ni wa mbuzi wa Idi.

Nimeuacha wa mbuzi.

Jumatano, 19 Februari

Jumana kaja kutoka Nizwa na kopo la halwa na mkoba wa vitabu. Shikamoo ami, kisha vitabu. Hakunipa hata nafasi ya kumeza. Kasema watu walioishi na wafalme wale waliandika magonjwa yao, wake zao, farasi zao, chakula chao, lakini hiyo hofu ya paka hakuiona popote. Hadithi imekuja baadaye sana, na ikishamkaa mshindi mmoja inamrukia mwingine.

Nikamwuliza: na kama walificha? Mimi sikuficha miaka hamsini? Kanyamaza. Kwa mara ya kwanza nimemnyamazisha mwalimu! Lakini haikudumu. Kasema huo si ushahidi juu ya Napoleoni, huo ni ushahidi juu yangu. Kisha akaufunga mkoba, akasema taratibu:

“Ami, unaogopa paka, khalas. Si aibu. Kwani lazima umtafutie na mfalme?”

Nimemwambia ale halwa. Nilitaka kumwambia habari ya babu yake na viatu vya watu, lakini hapo hapo Mama kaingia. Nimemwomba Jumana asiseme kitu mpaka Ijumaa ipite. Kakubali, kwa sharti nisimtaje yeye kama rejea.

Ijumaa, 21 Februari

Nitaandika yote mara moja nisije nikayarudia tena maishani.

Sabla imejaa. Mzee Aflah mbele, Marhoun kuliani kwake, mimi kushotoni. Dishidasha nambari moja. Halwa imepita, kahawa imeanza kuzunguka. Mudir hayupo. Kisha, kama desturi yake, kaja kachelewa.

Marhoun kamwona wa kwanza. Ukelele! Kapanda dirishani, kashika pazia, pazia limetoka na chuma chake, kaning'inia na nusu yake. Ulikuwa ukelele bora kuliko aina zangu zote tatu, lazima niseme. Watu wakasema ah! Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo. Na Mudir, bila haraka, akapita mbele ya Mzee, akanipanda mapajani, akajizungusha mara mbili, akakaa.

Nimejifunza kitu leo ambacho simu haikuniambia. Paka akiwa mbali, hofu inapiga kelele. Paka akiwa juu yako, hofu inakufunga mdomo. Sauti ilikwenda. Pumzi ilikwenda. Nilikuwa mtu wa udongo, wa wale wafinyanzi wa Bahla. Jasho lilitiririka ndani ya kofia na hakuna aliyeliona. Nilisikia akinguruma, mngurumo ukiingia gotini na kupanda. Nilitaka kuinuka. Lakini kijikombe cha Mzee kilikuwa bado mkononi!

Mzee kanywa cha pili. Cha tatu. Mtu mstaarabu huishia hapo. Yeye kanywa cha nne, ananitazama juu ya ukingo wa kikombe. Cha tano. Cha sita kakinywa kwa funda ndogondogo. Nilisoma kila sura ninayoijua, na nyingine nadhani nilizichanganya.

Kura zikapigwa hivyo hivyo, mimi na paka, Marhoun na pazia. Saba, saba. Ndipo Mzee Aflah akatikisa kijikombe.

Kasema yeye ni mtu mzima asiyesoma sana, na elimu huipokea kwa aliyeisoma. Ijumaa iliyopita Zakariya alitufundisha kwamba wakubwa wote waliogopa paka na wadogo ndio huwapapasa. Leo kaona kwa macho yake. Mmoja kakimbilia dirishani kwa hofu. Mwingine kakaa na paka mapajani vikombe sita, hata kope haikucheza. Kwa hivyo, kwa ushahidi wa Zakariya mwenyewe, mkubwa ni Marhoun.

Sabla ilicheka mpaka imamu akajifuta macho. Nilitaka kusema, nimekauka kwa woga, enyi watu, huu ndio woga wenyewe! Midomo ilicheza, neno halikutoka. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nilichimba kurasa nne.

Kisha Mzee kaongeza kwamba mtu mtulivu namna hii asipotee bure. Akae mlangoni, awapokee wageni. Mlangoni! Kwenye viatu!

Marhoun kashuka dirishani, kaja kumchukua Mudir kwa mikono miwili, kambusu kichwani. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Jumamosi, 22 Februari

Sikutoka chumbani. Kaltham kaleta chai, kaikuta ile ya kwanza haijaguswa. Adhuhuri Mama kaniita. Nimekaa chini miguuni kwake kama nilipokuwa mdogo, na nimemwambia kweli yote. Nimemwambia nilitaka asikie mwanawe kakaa mbele, kwa sababu ya Baba, kwa sababu ya miaka thelathini kwenye viatu vya watu. Nimelia. Mtu wa miaka sitini na moja, mstaafu wa baladiya.

Mama kasema:

“Nani kakwambia baba'ko aliwekwa mlangoni? Wakimwita mbele kila siku ya Mungu, wallah, mpaka wakachoka. Yeye ndiye aliyetaka mlangoni, apate pa kukimbilia. Kulikuwa na paka siku zile, jike jeusi. Likiingia sabla kwa huku, baba'ko katoka kwa kule. Mie n'kijua paka kaja kwa kumuona baba'ko uani, miguu chini, kofia mkononi.”

Baba! Baba yangu, aliyekuwa akinena nyumba nzima inatulia! Mama kasema alimwapisha asimwambie mtu, na hasa mimi, nisije nikamwona si mwanamume. Ndiyo maana alicheka ile Ijumaa. Kasema nilipomsimulia aliona kama Baba ndiye karuka nyuma ya dele.

Nilicheka. Nikamkumbuka akirudi alasiri kabla ya watu wote, akisema sabla leo ilikuwa fupi, ananipa kipande cha halwa mkononi, kimelainika kwa jasho. Nikalia tena. Laiti angeniambia. Tungekuwa tunakimbia pamoja.

Mama kanipiga begani. Kasema yeye habari ya mbele hajapata kuishughulikia hata siku moja. Watu wa mbele hula halwa yote huko huko, na mume wake alimletea ya kwake kila mara.

Ijumaa, 28 Februari

Siku ya kwanza mlangoni. Mwezi unaangaliwa leo, huenda kesho tumefunga. Nilikwenda kichwa chini. Niandike yaliyotokea kwa mpangilio, kwa sababu ni makubwa.

Kwanza, upepo. Mbele hakuna upepo, mlangoni upo. Pili, kila anayeingia ananipa mkono mimi kwanza na habari zote nazipata zikiwa moto. Zikifika mbele zimepoa. Tatu, sinia la halwa linapitia mlangoni. Nimekula kabla ya msimamizi! Nne, Mudir alipotokea nilikuwa nimeshafika nje kwa heshima zote, nikijifanya natazama mwezi saa kumi ya alasiri.

Na Marhoun? Masikini, kafungwa. Mkubwa lazima aogope paka, mtaa mzima unamtazama. Kapanda dirishani mara mbili wakati wa halwa tu. Hathubutu kumgusa Mudir hadharani, na Mudir anakaa chini anamlilia. Kakonda. Mke wake kamwambia Kaltham kwamba usiku anaota anampapasa.

Nilikaa pale, mgongo kwenye nguzo ya mlango, nikawaza, na ghafla nikaelewa. Mama kakosea! Kwa heshima zote, kakosea. Mtu hakai pahala miaka thelathini kwa ajili ya woga. Baba aliona! Aliijua siri! Kiti cha mbele ni cha kuonyeshwa watu, kiti cha nguvu ni cha mlangoni. Woga wapi, ule ulikuwa mkakati. Na mimi nimeurithi bila kujua, na Mzee Aflah kanikabidhi bila kujua. Uchaguzi mwingine ukija, nitawaeleza watu nani hasa alikuwa anautawala mtaa huu.

Nimemwandikia Jumana anitafutie wafalme waliokuwa wakikaa mlangoni. Watatu wanatosha. Kajibu neno moja: Ami. Basi nimetafuta mwenyewe kwenye simu, nimeshapata wawili, na wa tatu nitampata kabla ya futari ya kwanza.